Mume wa Bendera Iliyoshushwa

Watu huwaonea wivu majirani zao, ndugu zao, hata mbuzi wa mke mwenza. Buya wa Garsen, yeye alimwonea wivu mwanamume ambaye hakuwahi kumtia machoni. Hakujua kama ni mrefu au mfupi, kama ana ndevu au kidevu kitupu, kama bado yu hai au amekwisha kuzikwa huko alikokwenda. Alijua jina tu, Chande, na jina hilo lilimkaa kooni miaka mitano mizima.

Buya alikuwa mvushaji. Aliwavusha watu mto Tana kwa mtumbwi aliouchonga mwenyewe kutoka gogo zima, na alikuwa hodari, hilo hakuna aliyembishia. Mto ukifura, wavushaji wengine wakishafunga mitumbwi yao, yeye bado yumo majini, upondo mkononi, anawazunguka viboko kwa adabu zote. Wafugaji wa Kiorma walioteremsha ng'ombe malkani, ile njia pana ya mifugo inayoshuka hadi mtoni, walimwamini kuvusha hata wake zao na vibuyu vyao vya maziwa. Lakini msafiri akitokea pwani, hasa akiwa kijana mwenye kanzu safi, ole wake. Buya alimfikisha katikati ya mto, pasipo pa kukimbilia, kisha akaanza: "Umetoka wapi? Umepitia Ozi? Hukumsikia mtu anaitwa Chande?"

Mzee Hirbo, mfugaji aliyevuka karibu kila siku, alimwambia siku moja kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Wewe Buya, ng'ombe yangu iko na fisi nje ya boma. Wewe fisi yako iko ndani ya kichwa." Mtumbwi mzima uliangua kicheko. Buya hakucheka, na siku hiyo alimshusha mzee wa watu kwenye tope.

Huyo Chande alikuwa mume wa kwanza wa Mwanaarusi, mke wa Buya. Aliolewa naye kwao Ozi, karibu na mlango wa mto, enzi zile Wajerumani walipokuwa wameiweka Witu chini ya bendera yao. Mwalimu aliifunga ndoa, karatasi ikaandikwa, na kwa kuwa Chande alikuwa mtu wa kupenda makubwa, aliipeleka karatasi hadi Witu ikagongwe mhuri. Haukupita mwaka, wakubwa wakabadilishana nchi huko kwao Ulaya. Bendera ya Mjerumani ikashushwa, ya Mwingereza ikapandishwa. Mzungu mmoja aliyekuwa amemwajiri Chande shambani alifungasha kwenda Tanga, ambako bendera yake ilikuwa bado inapepea, na Chande akafuatana naye. Alimwambia mkewe, "Narudi mpunga haujaiva." Mpunga uliiva mara nne.

Mwaka wa nne, Godhana, kaka yake Mwanaarusi, alichoka. Aliwaita wazee wa Ozi akawauliza kama dada yake ataozea nyumbani. Wazee walipima jambo lile kwa kina. Walikuwa wameona kwa macho yao karatasi za mashamba za enzi ile, zenye mhuri ule ule wa Witu, zikikosa mtu wa kuzitambua. Mtu alikwenda nayo Kipini, kwenye boma jipya, akarudi nayo akafungie tumbaku. Basi wakasema: ikiwa shamba limekufa pamoja na bendera, ndoa itaponea wapi? Mhuri si ule ule? Wakaona wamepiga akili sana. Hakuna aliyesema akaulizwe kadhi, maana kadhi naye huwa anataka kujua mengi.

Ndivyo Mwanaarusi alivyoolewa na Buya, mtu wa mto wa juu, aliyemwona akiteremsha mpunga gatini akaamua siku hiyo hiyo kwamba ni huyu au hakuna. Alimpenda kweli kweli. Alimjengea nyumba Garsen, akamfyekea kipande cha ukingo kinachoshika maji ya gharika vizuri, akamletea samaki kila jioni. Mtoto hawakujaaliwa, na hilo hakumlaumu hata siku moja. Wivu tu ndio ulioiharibu nyumba ile.

Mwanaarusi alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono isiyotulia. Akikoleza samaki chumvi, Buya aliuliza, "Chande alipenda chumvi?" Akinyamaza, "Unamwaza." Akicheka na wenzake huko shambani wakifukuza ndege, mvushaji alisikia kicheko kutoka katikati ya mto, akageuza mtumbwi na abiria wake wote ndani. "Umepata habari gani ya kuchekesha?"

Mwanzo Mwanaarusi alikuwa akicheka. Baadaye akawa anaeleza. Siku moja alimwambia, "Buya, tangu unioe sijamwota huyo mtu hata mara moja."

"Umejuaje kuwa hujamwota? Ndoto husahaulika."

Lo! Mtu kama huyo utamjibu nini? Mwanaarusi alichukua jembe lake akaenda zake.

Lakini tusimcheke sana. Chini ya upuuzi wote ule palikuwa na hofu yenye mizizi. Buya hakuwa mjinga. Alijua kwamba hakuna mtu, si Godhana, si wazee wa Ozi, aliyewahi kumsikia Chande akitamka talaka. Mkewe alikuja kwake kwa sababu ya bendera, na bendera ni kitambaa. Kila siku alijiuliza, siku Chande atakaposimama gatini akasema, "Nimekuja kumchukua mke wangu," nani atamkatalia? Ndoa yake nzima ilisimama juu ya jambo ambalo hakuthubutu kumuuliza mtu.

Kisha barua ikaja.

Ilikuwa asubuhi, maji yamepungua, na abiria alikuwa mmoja tu: Tuneya, mtu wa Ozi, ametoka Tanga alikokuwa akitandika reli, na kwao bado hajafika. Alikuwa akipanda mto kwenda kwa wakwe zake, homa imemkamata, meno yanagongana. Kabla Buya hajaanza maswali yake ya kila siku, Tuneya mwenyewe alisema, "Ndugu yangu, nasikia Mwanaarusi dadake Godhana anakaa huku. Nina amana yake kutoka kwa Chande."

Upondo ulimponyoka Buya, na nusura mtumbwi uwapindukie.

"Nipe mimi," alisema akishaudaka. "Mimi ndiye mumewe."

Tuneya alimtazama kwa muda mrefu, jinsi mtu anavyomtazama mwenzake aliyesema jambo lisilotarajiwa. "Mumewe?"

"Mumewe. Una neno?"

"Sina," Tuneya alisema polepole. Akatoa karatasi iliyokunjwa ndani ya kitambaa. "Maneno yake si ya mdomo wangu. Mpe, atafute mtu wa kumsomea, na asikawie. Ndugu yangu, nasema asikawie."

Buya aliyaona mambo mawili: lile jicho la Tuneya, na lile "asikawie". Jicho alilitafsiri kuwa dharau, yaani mume gani wewe, mumewe yuko Tanga. Na "asikawie" ilikuwa na maana gani kama si kwamba Chande anamwita mkewe, tena kwa haraka? Alimshusha Tuneya ng'ambo, akaukokota mtumbwi chini ya matete, akaikunjua barua.

Hakujua kusoma. Aliona mistari tu, ya hati za Kiarabu, imesongamana. Aliihesabu: kumi na saba. Akaihesabu tena. Mtu hamwandikii mwanamke mistari kumi na saba kumwambia hajambo! Salamu zinatosha mistari miwili, habari za afya mmoja, na hiyo kumi na minne je? Aliinusa karatasi. Ilinuka jasho la Tuneya, lakini Buya alisema ni udi. Karibu na mwisho palikuwa na doa, wino umetawanyika, na yeye aliamini kabisa ni chozi. "Ala! Amemwandikia mke wangu huku analia!"

Angeweza kwenda Ngao, misheni, kuna watu wanaojua kusoma. Angeweza kuteremka Kipini. Lakini msomaji ana mdomo, na mdomo una majirani. Siku nne alizunguka na barua ile kiunoni, hali vizuri, anamkemea kila anayemsalimu. Nyumbani alimkazia macho Mwanaarusi akipepeta mchele, akaona hata namna anavyoinua ungo imekuwa ya mtu anayengoja kuitwa. Siku ya tano alifika katikati ya mto peke yake, akaichana barua vipande vidogo vidogo, akaviachia maji. Vilielea kidogo, vikalowa, vikaenda. Buya alihisi kifua chake kimekuwa chepesi, na jioni ile alikula sahani mbili.

Miezi mitatu alikuwa mtu mwingine. Alitania abiria. Alimnunulia Mwanaarusi leso. Hata jina la Chande hakulitaja, hadi mkewe akaanza kuamini kwamba amepona ule ugonjwa. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu walikaa kibarazani wakizungumza mambo ya mpunga na panya, kama watu.

Kumbe Tuneya alipona homa yake, akateremka kwa njia ya Chara, akafika Ozi. Huko alikutana na Godhana, na baada ya salamu akauliza, "Dada yako amesomewa talaka yake?"

"Talaka gani?"

"Ya Chande. Nilimpa mvushaji wa Garsen ampelekee. Aliniambia yeye ndiye mume, nami nikashangaa, maana mke hajapata talaka na tayari ana mume mwingine. Nikasema labda waliipata habari kwa njia nyingine, ila nikamhimiza asikawie kusomewa, wasije wakawa haramuni."

Godhana alikuwa Garsen baada ya siku mbili, amemshika Tuneya mkono. Walimkuta Mwanaarusi uani. Buya aliwaona kutoka mtoni, akaja mbio, lakini alipofika maneno yalikuwa yamekwisha kusemwa. Mwanaarusi alikuwa amesimama, mchi mkononi.

"Barua yangu iko wapi?" alimuuliza.

"Barua gani?"

"Buya."

Alijaribu kumtazama, ikamshinda. "Niliitia mtoni."

"Ulisomewa?"

"Sikusomewa."

"Basi ulijuaje ya kwamba ni ya kutiwa mtoni?"

Tuneya, maskini, aliyependa mambo yaishe kwa amani, alimweleza Buya pale pale yaliyokuwamo: kwamba Chande amemwacha mkewe kwa talaka, kwamba anamwomba radhi kwa miaka yote aliyomfungia, na kwamba yuko huru kuolewa na amtakaye. Tuneya alikuwepo ikiandikwa. Alikuwa mmoja wa mashahidi wawili.

Buya alikaa chini mavumbini. Kitu pekee duniani ambacho kingemfanya Mwanaarusi kuwa mke wake wa halali, alikuwa ameletewa mkononi, naye amewalisha samaki.

Walikwenda Kipini wote wanne. Kadhi alikuwa mtu mzima, sauti ya chini, na uvumilivu mwingi kwa watu wajinga. Alimtaka Godhana aeleze tangu mwanzo, naye Godhana akaeleza, akafika kwenye bendera.

"Subiri," kadhi alisema. "Unasema bendera ilishushwa."

"Ndiyo, sheikh."

"Na mume je, naye alishushwa?"

Godhana aliinamisha kichwa.

Kadhi aliwafafanulia, bila kumtukana mtu. Shamba hutolewa na mtawala, na mtawala akiondoka, karatasi yake huweza kuondoka naye. Ndoa haitolewi na mtawala. Mhuri wa Witu ulikuwa pambo tu, na Mwanaarusi hakuacha kuwa mke wa Chande hata saa moja, Mjerumani awepo asiwepo. Mume akipotea, mke huja kwa kadhi, na kadhi ndiye anayejua la kufanya. Hawakuja. Kwa kuwa waliingia kwa kutojua, hawaitwi wazinifu, lakini sasa wanajua. Ama talaka, shahidi ni mmoja hapa, na karatasi haipo. Shahidi mmoja hatoshi.

"Mtatengana leo," alisema. "Mwanamke atakaa kwa kaka yake. Wewe Buya, ukitaka jambo hili litengenezeke, lete neno la Chande lililoandikwa, lenye mashahidi wawili na mhuri wa kadhi wa huko. Nchi ni ya bendera nyingine, lakini sharia ni moja. Nitaipokea."

"Niende mimi? Kwa Chande?"

"Nani aliyeitia barua mtoni?"

Buya angeweza kulivumilia lolote, ila lile la Ozi lilimkata maini. Mwanaarusi anarudi Ozi! Kwa shangazi zake Chande, kwa binamu zake Chande, kwenye njia zile zile alizopita na Chande! Alitaka kusema akae kwa jirani Garsen, lakini aliona uso wa mkewe akaumeza ulimi wake. Mwanaarusi hakuwa amesema naye neno tangu siku ile ya uani. Alipanda mtumbwi wa kaka yake bila kugeuka.

Safari ya Tanga ilimchukua miezi. Bomani Kipini walimpa cheti kilichosema yeye ni nani na anakwenda kufanya nini, na karani alipomuuliza sababu ya safari, Buya alisema, "Kumfuata mume wa mke wangu." Karani alimtazama, akaandika "mambo ya jamaa". Mpakani askari alikigeuza kile cheti juu chini, akamwachia. Njia nzima Buya alikuwa akimtengeneza Chande kichwani: leo mrefu, kesho mwenye mabega mapana, keshokutwa na meno meupe ya kuvutia. Alipoingia Tanga alikuwa tayari anamchukia kwa kila kiungo.

Alimkuta penye reli, anasukuma mataruma, yale magogo ya kulazia reli. Alikuwa kimtu kifupi, kimekonda, na kofia iliyomzidi kichwa. Buya alihisi kama ametukanwa. Huyu ndiye! Miaka mitano ya roho juu, kwa ajili ya huyu!

Chande aliposikia anatoka mtoni Tana, alimkumbatia. Alimkaribisha nyumbani kwake, mke wake wa Tanga akawapikia ugali na papa, watoto watatu wakamwamkia. Na hapo ndipo Buya alipopata taabu kuliko zote, kwa sababu mtu yule alikuwa mwema. Alicheka kwa urahisi. Alisikiliza. Alimuuliza habari za kila mtu wa Ozi kwa jina. Buya, aliyekuja na jeshi zima la chuki, hakupata pa kulipanga.

"Na Mwanaarusi," Chande aliuliza mwisho, kwa sauti ya aibu, "alisemaje alipoisikia barua?"

Hakukuwa na njia ya kupita pembeni. Buya alimwambia yote. Alimwambia hata juu ya kuinusa.

Chande aliivua ile kofia yake. Hakucheka, na Buya alitamani acheke.

"Mistari ilikuwa mingi," Chande alisema, "kwa sababu makosa yangu yalikuwa mengi. Ile talaka yenyewe haikuchukua hata mstari mmoja."

Siku ya pili walikwenda kwa kadhi wa Tanga. Shahidi wa pili aliitwa, jina la Tuneya likaandikwa pamoja na lake, na Chande akathibitisha kwamba alimwacha Mwanaarusi tangu mwaka uliopita, tarehe ikaandikwa, mhuri ukagongwa. Kisha Chande akaomba yale maneno ya radhi yaandikwe tena, yote. Buya alikaa pale akiyasikia yakitoka kinywani mwa mtu yule, moja baada ya jingine: nilikuacha peke yako na kiangazi, nilijua unaningoja nikajifanya sijui, hukunikosea neno. Alikuwa akitamani aseme imetosha, andika talaka tu! Hata hapo, jamani, hata hapo palipokuwa na ukombozi wake, wivu ulikuwa unamtafuna. Yeye mwenyewe hakuwahi kumwambia Mwanaarusi maneno kama hayo.

Safari hii aliilinda karatasi kuliko roho yake. Aliivaa kifuani ndani ya ngozi ya mbuzi iliyoshonwa pande zote, na hakuishona bure: alitaka isimtie majaribuni.

Alipofika Kipini kadhi aliwaita Godhana na Mwanaarusi. Zaidi ya miezi minne ilikuwa imepita. Buya alimwona akiingia, amejifunika leso nyeusi, amenenepa kidogo, uso umetulia. Jambo la kwanza lililomjia kichwani, na tusimfiche, lilikuwa: amependeza hivi kwa ajili ya nani?

Kadhi aliichunguza karatasi, akasoma majina ya mashahidi, akautambua mhuri. "Talaka imethibiti," alisema. "Na eda imekwisha, ya talaka na ya huku kutengana. Mwanaarusi, wewe ni huru."

Buya alitoa pumzi aliyokuwa ameishika tangu Tanga. "Alhamdulillahi! Basi sheikh, tufungie ndoa. Godhana ndiye walii, na yupo hapa. Mahari ataje atakayo."

"Bado," kadhi alisema. "Huyu si mwari. Mwanamke aliyekwisha kuolewa huulizwa, na hujibu kwa mdomo wake."

"Atasema ndiyo. Ni mke wangu huyu!"

"Si mke wako," kadhi alisema, tena bila ukali. "Hiyo ndiyo kazi ya karatasi uliyoileta."

Mwanaarusi aliinua uso. "Sheikh, kabla sijaulizwa, naomba nisomewe yote. Tangu mwanzo."

Kadhi alisoma. Alisoma salamu, alisoma kiangazi, alisoma kungoja na kujifanya kutojua. Mwanaarusi alisikiliza mikono imetulia magotini, jambo ambalo Buya hakuwahi kuliona. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Na Buya, aliyevuka mpaka wa nchi mbili kuileta ile karatasi, alikaa hatua tatu kutoka kwake akiwaka moto kwa kila chozi.

Kadhi alipomaliza, Godhana alimgeukia dada yake. "Mwanaarusi, Buya anakuposa. Umekubali?"

"Nashukuru kwa kwenda kwake," alisema. "Najua njia ni ndefu. Lakini nimekataa."

Buya alisimama. Angeweza kusema mengi. Angeweza kumwomba radhi. Angeweza kumwambia kwamba usiku na mchana barabarani aliwaza nyumba ile ya Garsen na namna anavyoinua ungo. Badala yake alisema lile lililomjia kwanza.

"Ni nani? Unamrudia Chande? Au umepata mtu Ozi? Nitajie jina lake!"

Mwanaarusi alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko hasira ya uani.

"Hakuna mtu, Buya," alisema. "Hakukuwa na mtu. Miaka mitano tulikuwa wawili tu mle ndani, na wewe hukuniamini. Sasa nataka nikae mahali nisipoulizwa."

Akaondoka na kaka yake. Kadhi aliikunja karatasi akampa Mwanaarusi, kwa kuwa ilikuwa yake.

Buya alirudi Garsen kuvusha watu. Mtumbwi ule ule, wafugaji wale wale, mpunga wa Mwanaarusi umeachwa ukingoni na ndege wanakula watakavyo. Msafiri akitokea pwani, bado alimfikisha katikati ya mto, bado aliuliza kama amepitia Ozi. Lakini sasa swali lilikuwa moja.

"Mwanaarusi dadake Godhana, ameolewa?"

"Hajaolewa," walimwambia mwaka ule. Na mwaka uliofuata, "Bado." Na mwaka wa tatu, mwanamke mmoja aliyekuwa akivuka na kuku wake alisema, "Yule? Analima, anauza mchele wake, hana habari na mtu."

Kila jibu la namna hiyo lilimuumiza kuliko yote aliyowahi kuyaogopa. Angekuwapo mwanamume, Buya angejua amchukie nani.